Uliza Fundi: Injini Mpya, Gari la Zamani, na Saketi Isiyo na Huruma

Safari hii barua karibu zote zinazunguka jambo moja, watu wanataka kung'oa injini iliyokuja na gari, waweke nyingine yenye nguvu, afu waingie saketi (kiwanja cha mbio za magari) wikiendi kushindana na wenzao, hakuna mkataba hakuna mshahara, ni raha tu na kujipima. Nimechagua chache. Zile za "fundi injini gani ina sauti tamu" nimeziweka pembeni, mnisamehe, hilo kila mtu na masikio yake.

Shikamoo fundi. Nina Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ile ya taa za kuinuka, injini 1.6, bodi safi haina kutu. Nataka iwe gari la mbio za saketi za amateur (ridhaa). Niko katikati ya injini mbili, V8 ya LS ya General Motors na K24 ya Honda, washkaji wote wananiambia LS, kuna mmoja tu anasema nitajuta. Nguvu nazitaka kweli, nimechoka kupitwa kwenye straiti (sehemu iliyonyooka) na kila mtu. Nishauri. — Taa za Kuinuka

Marahaba. Kabla ya injini, kitabu cha sheria cha klabu unayotaka kushindana nayo umekisoma? Najua kinachosha, ila mtu anayenunua injini kabla hajajua atakuwa daraja gani ameshachagua daraja bila kujijua. Klabu nyingi za amateur zinapanga magari kwa uzito kugawanya kwa hosipawa, National Auto Sport Association ya Marekani mfano madaraja yake kadhaa yako hivyo, na hapo hapo kuna Spec Miata ambako hilo gari lako linashindana na injini yake ya kiwandani na huruhusiwi kuweka ya kampuni nyingine hata kwa dua.

Sasa piga hesabu. MX-5 ikiwa na keji (fremu ya mabomba ya chuma ya kumlinda dereva) na dereva ndani ichukulie kilo 1,050. Weka injini ya hosipawa 200, kila farasi anabeba kilo 5 na robo. Weka V8 ya 400, gari lipande mpaka tuseme kilo 1,200, kila farasi anabeba kilo 3. Ni haraka, sibishi, ila kilo 3 kwa farasi ndo kule walikokaa wenye magari yaliyozaliwa kiwandani kuwa ya mbio, wana matairi ya slik (ya mbio, yasiyo na michoro) seti tatu tatu na mafundi wao, wewe una boksi la spana na rafiki mmoja. Utakuwa na gari la kasi kuliko yote uliyowahi kuendesha na utamaliza wa mwisho.

Jambo la pili ni toki, nguvu ya kusokota. Hiyo 1.6 inatoa Nm (nyutonimita) 135 hivi. LS1 ya lita 5.7 iliyokuja na Corvette ya 1997 inatoa hosipawa 345 na Nm 475 hivi, zaidi ya mara tatu, na hizo Nm zote lazima zipite sehemu kufika kwenye tairi: klachi, giaboksi, propela, difu, ekseli, beringi za magurudumu. Difu ya 1.6 ni ile ndogo ya inchi 6, inajulikana kwa kuvunjika hata mtu akiongeza turbo ya kiasi, na Mazda wenyewe walipoleta 1.8 kwenye modeli ya 1994 wakaweka ya inchi 7. Kwa V8 hata hiyo ya inchi 7 ni ya mashaka, ndo maana wengi wanaishia na giaboksi ya T56 yenye gia 6, difu kubwa ya Ford ya inchi 8.8, krosimemba (boriti inayopita chini ya injini) mpya ya mbele, propela ya kutengenezesha, handaki la giaboksi kwenye sakafu limekatwa na kuchomewa upya, rejeta kubwa, breki kubwa. Ukimaliza, MX-5 iliyobaki ni taa na milango.

Mimi ningekwenda na K24A2, ile ya Acura TSX ya 2004 mpaka 2008. Lita 2.4, hosipawa 200 na kitu bila kufunguliwa hata bolti moja ya ndani, na bloku yake ni aluminiamu wakati ya Mazda ni chuma, kwaiyo pua ya gari haiongezeki uzito wa kukutisha. Adapta za kuifunga kwenye giaboksi ya MX-5 zipo tayari zinatengenezwa. Ila ujue kiwandani ilikaa kwa upande, wewe unaigeuza ikae kwa urefu, kwaiyo sampu (bakuli la oili chini ya injini) lazima ibadilishwe isigonge krosimemba, manifoldi ya ekzosi itakuwa mpya, na kama unataka kuizungusha juu sana watu huwa wanatoa pampu ya oili ya asili iliyounganishwa na shafti za kupunguza mtikisiko wanaweka ile ya K20, ndugu yake ya lita 2. Giaboksi ya Mazda itavumilia kama unaingiza gia kwa ustaarabu.

Na usiifungue. Huu ndo ushauri wangu mkubwa kwa kila anayeniandikia, chagua injini ambayo nguvu unazotaka inazitoa ikiwa haijaguswa. Injini iliyoongezwa kompresheni na kemshafti kali na sijui nini mpaka ifike 200 inafanya kazi ikiwa imekunja sura, iliyotoka kiwandani na 200 inafanya kazi ikiwa imelala. Mbio za amateur nusu saa ya gesi chini breki, gesi chini breki, hiyo ni adhabu ambayo gari la barabarani halikutani nayo maisha yake yote. Anayekupita kwenye straiti mwache apite, wengi wao utawakuta mzunguko wa tano wamesimama pembeni boneti juu.

Fundi, helmeti ya pikipiki inafaa kwenye mbio za gari? Ni mpya kabisa na ni ya bei mbaya. — Mbana Matumizi

Hapana. Helmeti za gari zilizopitishwa na Snell, shirika la kupima helmeti, zenye herufi SA zinapimwa kwa moto na kwa kugonga bomba la keji, zile za M za pikipiki hazipimwi hivyo. Kwenye gari unaweza kubaki umefungwa mikanda wakati kitu kinaungua, kwenye pikipiki unarushwa mbali nayo. Angalia pia mwaka, SA inatolewa upya kila miaka 5 hivi (SA2015, SA2020) na klabu huwa zinaacha kukubali za zamani. Hiyo mpya ya bei mbaya endeshea pikipiki.

Mkuu habari. Nissan 240SX yangu nimeweka LS, ina raha sana. Tatizo nikiwa kwenye kona ndefu ya kasi taa ya oili inawaka kidogo inazima, nikitoka kwenye kona presha iko safi kabisa. Nimebadilisha sensa mara mbili bado. Wenzangu wanasema ni kawaida ya hizi injini nisijali. — Taa Nyekundu

Acha kuendesha hilo gari saketi. Leo. Sensa ulizobadilisha zote mbili zilikuwa nzima na zilikuwa zinakuambia ukweli.

Oili kwenye sampu inakaa chini kwa sababu ya uzito wake tu, hamna kinachoishikilia pale. Gari likikata kona kwa nguvu ya g 1, nguvu ya kuivuta oili pembeni inakuwa sawa na inayoivuta chini, kwaiyo uso wa oili unainama nyuzi 45. Chukua sampu yako uinamishe hivyo uone mdomo wa pampu uko wapi. Uko hewani. Na kwa matairi laini ya mbio kuna kona gari linapita g 1 bila wewe hata kujisikia shujaa. Pampu ikinyonya hewa, ile filamu nyembamba ya oili kati ya krenki na beringi inakatika, chuma kinasugua chuma kwa mizunguko elfu 6 kwa dakika, na haihitaji dakika kuharibika. Taa inawaka inazima kwa sababu mwisho wa kona oili inarudi, ila beringi hazisahau.

Wakikuambia ni kawaida wana maana watu wengi wameua injini kwa njia hiyo hiyo, kwa maana hiyo ni kawaida kweli. Chevrolet wenyewe walipotengeneza Corvette Z06 ya 2006 yenye LS7 waliipa drai sampu kutoka kiwandani, oili inakaa kwenye tangi refu jembamba pembeni na pampu inaivuta kutoka chini kabisa. Waliona tatizo.

Dawa ziko za ngazi. Ya chini ni sampu yenye vizuizi na vimilango vidogo vinavyofunguka upande mmoja tu, oili inaingia kwenye kisima cha pampu haitoki. Inayofuata ni tangi la akiba lenye presha ya hewa, presha ikishuka linasukuma oili lita 2 au 3 ndani ya injini kwa zile sekunde za kona, na kabla hujawasha injini unalifungua kwanza, kwaiyo hata asubuhi injini haiwaki kavu, mimi napenda hiki kitu kuliko watu wengi wanavyokipenda. Ya juu ni drai sampu, inaondoa ugomvi wote na inaondoa na akiba yako benki. Anza na vizuizi pamoja na tangi la akiba.

Halafu geji ya mshale usiiamini peke yake, presha ikidondoka nusu sekunde macho yako yako kwenye kona. Weka kifaa cha kurekodi data, presha ya oili pamoja na g za pembeni kwenye grafu moja, utaona mwenyewe kila kona inayokuibia. Wengi wanatumia kipimo cha psi 10 kwa kila mizunguko 1,000, injini ikiwa 6,000 uone angalau 60. Weka na tangi la kudaka oili inayotoka kwenye mapumulio maana klabu nyingi hazikuruhusu bila hilo, hakuna anayetaka oili yako kwenye tairi zake.

Kabla ya yote hayo toa sampu, fungua beringi moja ya konrodi uiangalie. Ukiona rangi ya shaba imejitokeza, injini hiyo inahitaji beringi mpya zote na krenki kupimwa.

Kaka, mimi nina Mazda RX-7 ya FD. Injini yake ya rotari, hii isiyo na pistoni ila rota za pembetatu zinazozunguka, imekufa kompresheni kwa mara ya pili. Nikisema naweka V8 watu wananitukana kama nimechoma nyumba ya ibada. Ni dhambi kweli? — Nimechoka na Apeksi Sili

Sio dhambi. Wanaokutukana hawakulipii ukarabati.

Ila tuitendee haki rotari kwanza. 13B, hiyo ya kwenye FD, ni ndogo, nyepesi, inakaa nyuma na chini kabisa, na nusu ya utamu wa FD unatoka hapo. Na sio kwamba haiwezi mbio, Mazda walishinda Le Mans 1991 na 787B yenye rota nne. Walikuwa na kiwanda nyuma yao lakini. Kwa mtu wa amateur shida ya rotari yenye turbo ni joto, ekzosi yake ni moto kuliko ya pistoni, inataka rejeta na kipoza oili vya kutosha muda wote, na mchanganyiko wa mafuta ukipungua kidogo tu wakati turbo inasukuma, ikapiga noki (mlipuko usio wa wakati wake), apeksi sili, ile sili ya kwenye ncha ya rota, inapasuka. Injini ya pistoni inakuonya. Rotari huwa inakuaga.

V8 ya aluminiamu tofauti ya uzito ni ndogo kuliko watu wanavyodhani ukishatoa turbo mbili na intakula (kipoza hewa ya turbo) na mabomba yake yote, cha msingi isukumwe nyuma kwenye ukuta wa kabini kadiri inavyoingia. Pima kila gurudumu kwa mizani kabla na baada, usikubali kuambiwa "iko sawa" kwa kuangaliwa. Na wakikusumbua sana waulize Cobra ilitoka wapi, mwaka 1962 Carroll Shelby alichukua AC Ace, kigari cha Waingereza, akakipachika V8 ya Ford ya lita 4.3, na leo hao hao wanaokutukana wangelia machozi kupewa moja.

Ombi langu moja tu, usikate bodi zaidi ya inavyohitajika, na sehemu za rotari uziuze kwa mtu anayezitaka, zinazidi kupungua.

Habari fundi, baada ya kubadilisha injini kwenye BMW E30 breki zinanitosha mizunguko mitatu tu, wa nne pedali inazama. Breki hizi hizi zilikuwa haziishi na injini ya zamani. Nimeweka pedi za mbio bado. — Pedali Sakafuni

Injini ndo imekula breki. Nishati ambayo breki inatakiwa kuigeuza joto inapanda kwa spidi zidisha kwa spidi. Gari la kilo 1,100 likitoka kilomita 180 kushuka 80 kwa saa, breki zinameza kilojuli 1,100 hivi. Injini mpya ikakufikisha mwisho wa straiti ile ile na 200, zinameza kilojuli 1,425 hivi. Spidi imeongezeka asilimia 11, joto karibu asilimia 30, na hujaongeza diski hata milimita moja, na sehemu ya kupoa kati ya kona na kona unaipita haraka zaidi.

Sasa sikiliza pedali inasema nini. Pedali ikiwa ngumu lakini gari halisimami, pedi ndo zimezidiwa na joto. Pedali ikizama na kuwa laini, mafuta ya breki yamechemka, mvuke unabonyea, ndo yako wewe, kwaiyo pedi za mbio hazikusaidii na pengine zimeongeza tatizo kwa sababu zinavumilia joto na kulipeleka kwenye kalipa (kile kifaa kinachobana pedi). DOT 4, mafuta ya breki ya kawaida, ikiwa mpya inatakiwa isichemke kabla ya nyuzi 230, ikishanyonya unyevu kiwango chake cha chini ni 155 tu, na inanyonya unyevu hata gari likiwa limepaki. Nunua mafuta ya mbio yenye kuchemka zaidi ya 300, toa yote ya zamani mpaka kwenye kila kalipa, na uyatoe tena mara kwa mara hata kama yana rangi nzuri. Baada ya hapo leta hewa, hosi ya inchi 3 kutoka mbele ya bampa mpaka katikati ya diski, katikati pale ili diski ipumue kupitia ndani, ukipuliza upande mmoja tu inaweza ikapinda. Ikishindikana ndo uongelee diski kubwa.

Kuna pedali ndefu ya aina nyingine inayochanganya watu, unakuta inakuja ghafla baada ya kupanda ukingo wa saketi, ukipampu mara moja inarudi. Hiyo sio joto, ni beringi ya gurudumu imelegea, diski inatikisika inasukuma pedi nyuma.

Na ukirudi piti kuegesha, breki zikiwa bado za moto, usivute hendibreki.

Mambo fundi. Swapu (kubadilisha injini) imekamilika, injini inawaka, ila sensa zinasoma vitu vya ajabu, leo joto nyuzi 40 kesho 95 injini ikiwa baridi, stata inavuta kivivu na betri ni mpya. Mwenye gereji anasema kontroli boksi (kompyuta ya injini) imekufa ninunue nyingine. — Waya Kila Mahali

Usinunue kitu. Injini imekaa juu ya maunti za mpira, mpira haupitishi umeme, kwaiyo injini kurudisha umeme kwenye bodi inategemea waya wa ethi na kwenye swapu huo ndo waya unaosahaulika kuliko wote. Umeme wa stata usipopata njia nene unarudi kupitia njia nyembamba, waya za sensa, kebo ya gesi, popote. Weka waya nene kutoka kwenye bloku hadi kwenye chesisi na mwingine kutoka bloku hadi betri, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kaza. Dalili zako zote mbili ziko hapo. Ikigoma ndo urudi kwenye kontroli boksi.

Kwa wengine wanaojiandaa kununua injini ya gari lililogongwa, chukueni na wayaringi wake wote bila kukatwa, kontroli boksi, pedali ya gesi kama ni ya umeme, na boksi la imobilaiza (kizuia wizi) na ufunguo wake. Ukikosa hivyo utaishia kununua kompyuta ya kujitegemea na kumlipa mtu wa kuipanga.

Na swichi kuu ya kukata umeme, jaribuni ikiwa injini inanguruma, sio imezimwa. Altaneta ikiwa inazunguka, kukata betri peke yake injini inaweza kuendelea kuwaka kama hamna kilichotokea. Inatakiwa swichi yenye njia za ziada inayokata na mfumo wa injini. Mkaguzi atajaribu hivyo hivyo, na siku ya ajali mwokoaji naye atajaribu hivyo hivyo.

Kaka naomba kuuliza, naweza kuweka keji kamili kwenye gari ambalo bado naendea kazini? Na mchomeaji wa mageti mtaani anaweza kuifanya? — Gari Moja Kazi Mbili

Maswali mawili, jibu moja, hapana.

Keji imetengenezwa kwa kichwa chenye helmeti na mwili uliofungwa mikanda ya pointi 6. Barabarani huna helmeti, mkanda wa kawaida unakuruhusu kusogea, na ajali ndogo ya kugongwa ubavuni ambayo ungetoka na maumivu ya shingo inapeleka fuvu lako kwenye bomba la chuma. Hata ile povu ngumu ya kufunika mabomba imekusudiwa helmeti, sio nywele. Gari la keji libebwe kwenye trela.

Mchomeaji wa mageti anaweza kuwa na mkono mzuri kuliko mimi, shida sio mkono. Keji inataka bomba lisilo na mshono au lile la kuvutwa kiwandani kwa vipimo vilivyoandikwa kwenye kitabu cha klabu yako kulingana na uzito wa gari, kila kiungo kichomewe kuzunguka chote hata upande wa juu karibu na paa ambako mtu haoni, na miguu yake isimame juu ya bamba zinazosambaza nguvu kwenye bodi maana bati la sakafu peke yake linatobolewa kama karatasi. Kromoli, aloi ya chuma imara, inataka uchomeaji wa TIG na mtu anayeijua, mtu akikuambia chuma ni chuma muage vizuri.

Siti na mikanda vina tarehe. Siti ya FIA (shirikisho la kimataifa la mbio za magari) ya kiwango cha 8855-1999 ni miaka 5, mikanda ya FIA nayo ina mwaka wa mwisho umeshonwa kwenye lebo, tazama kabla ya kununua ya mkononi kwa mtu. Mikanda ya mabega ikitoka begani iende nyuma karibu sawa na usawa wa bega, ikishuka sana siku ya kugonga inakukandamiza uti wa mgongo. Na kinga ya shingo usiiache nyumbani, Formula 1 waliilazimisha HANS mwaka 2003 na mapigo ya amateur hayana upole zaidi.

Fundi, difu ya 4.10 au 3.60? Tairi 205/50 R15, gia ya nne moja kwa moja, injini mwisho 7,000. — Hesabu Sina

Namba ya difu ni propela inazunguka mara ngapi kwa kila mzunguko mmoja wa tairi, na tairi hiyo mzunguko wake ni mita 1.84 hivi. Kwa 4.10 gia ya nne inaishia kilomita 188 kwa saa, kwa 3.60 inaishia 215 hivi. Saketi yenu straiti yake ndefu mnaifikisha ngapi? Kama ni 180, chukua 4.10. Ukiona unafika mwisho wa gia sekunde mbili kabla ya breki, 3.60. Asikwambie mtu kuna difu bora.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa ufundi, nina Toyota MR2 ya SW20 ambayo niliifungua ili niweke V6 ya lita 3.5, 2GR. Injini ninayo, gari liko juu ya stendi muda mrefu, pesa inakuja kidogo kidogo na moyo unaanza kuisha. Sijawahi kuingia saketi hata siku moja. Niuze? — Binti wa Stendi

Marahaba mwanangu. Usiuze, lirudishe chini.

Rudisha injini ya zamani kama bado ipo na inawaka. Najua inauma kufunga ulichokifungua, lakini magari ya mradi mengi hayafi kwa kuvunjika, yanafia kwenye stendi, sehemu zinapotea, boksi la bolti linachanganyika na wewe unasahau ile waya ya kijani ilitoka wapi. Gari linalotembea linajipigania lenyewe.

Halafu ingia siku za wazi za saketi zisizo na mashindano, na injini hiyo hiyo dhaifu. MR2 injini yake iko katikati nyuma yako, ukiachia gesi ghafla katikati ya kona uzito unakimbilia mbele, tairi za nyuma zinapungukiwa mshiko na mkia unakuja kukusalimia. Hilo ni la kujifunza na hosipawa chache, sio na V6 inayotoa zaidi ya 260. Pesa kidogo ya kila mwezi iende kwenye vitu ambavyo V6 nayo itavihitaji, kwa utaratibu huu hasa: mafuta ya breki na pedi, siti nzuri na mikanda, tairi, bushi na shokapu, rejeta pamoja na mabomba yake marefu yanayopita chini ya gari kwenda mbele, hayo ya MR2 yana hewa inayojificha na kuitoa ni kazi, jifunze kuitoa sasa hivi. Hamna hata kimoja hapo utakachotupa siku ya swapu. Maunti, ekzosi na wayaringi vya V6 vitengeneze mezani polepole gari likiwa linatembea, andika lebo kila waya.

V6 yenyewe iweke ndani pakavu. Ziba matundu yote ya inteki na ekzosi, tambara usitumie maana husahaulika ndani, tumia mfuniko au tepu nene ya rangi kali. Tia oili kidogo kwenye kila silinda kupitia tundu la plagi, zungusha krenki kwa mkono raundi mbili kila baada ya wiki kadhaa, kwa upande inaozungukia ikiwaka. Na siku ukiiweka, badilisha pampu ya maji na sili ya nyuma ya krenki kabla haijaingia, maana ikishakaa mle ndani kuzifikia utatukana.